Kinu Kitupu cha Kwemlenga

"Atwangaye kinu kitupu amesikia kilio." Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu jirani asubuhi hii, yule aliyeapa kwamba hakusikia lolote kwa sababu redio yake ilikuwa juu. Niliwaona mnatazamana. Mmeniuliza maneno hayo yalitoka wapi, nami nitawaambia, ila msinikatize katikati kama kawaida yenu. Yalitoka Kwemlenga, na mwenye kisa ni mwanamke aliyeitwa Mwanjaa.

Kwemlenga kilikuwa kijiji chembamba juu ya mgongo wa kilima. Nyumba zilifuatana kando ya njia moja, kutoka juu kwenye migomba mpaka chini kwenye chemchemi. Watu wake walikuwa wakulima kama wengine, isipokuwa vinu vyao havikudumu. Kinu cha mninga ni mali ya kumrithisha mjukuu, lakini cha Kwemlenga kilipasuka tako baada ya miaka mitatu. Fundi aliyewachongea alitoka kijiji cha pili, na kila alipoletewa kinu kibovu alikuna kichwa. "Ninyi mnatwanga mahindi au mnatwanga mawe?" aliwauliza. Wanawake walicheka, wakajitwisha vinu vipya wakaenda zao.

Ukweli ni kwamba walivitwanga bila kitu ndani. Desturi ya pale ilikuwa hivi: mume akianza kumpiga mkewe na kilio kikatoka nje, mwanamke wa nyumba ya jirani alikimbilia kinu chake akatwanga kwa nguvu zote, kiwe na nafaka au kisiwe nayo. Wa nyumba ya pili akisikia kinu, naye anadaka mchi. Wa tatu hivyo hivyo, mpaka kijiji kizima kinanguruma na mpita njia haambulii neno. Wenyewe waliita kusitiri. Ya ndani hayaanikwi, walisema, na nyumba ya mwenzako ikivuliwa nguo leo, kesho ni zamu ya yako. Asiyetwanga alionekana mmbeya, mtu wa kutega masikio.

Mwanjaa alifundishwa hayo na mama mkwe wake siku ya tatu ya ndoa. Alipopigwa yeye mwenyewe, ujanani, alisikia vinu vikiitikia huko nje akajua amesitiriwa, na kesho yake akawashukuru majirani. Mumewe, Ngoda, aliacha kumpiga alipoanza kuota mvi, naye Mwanjaa akalihesabu hilo kuwa tunda la subira yake. Basi alikuwa hodari wa kusitiri kuliko wote. Nyumba yake ilikuwa karibu na chemchemi, na jirani yake alikuwa Chiku, mke wa Mntambo, mtu mwenye mkono mwepesi. Miaka sita Mwanjaa alitwanga kwa ajili ya Chiku. Akimkuta chemchemini na jicho limevimba, alimsaidia kujitwisha mtungi, akamuuliza habari za mahindi. Huo ndio ulikuwa wema, kwa jinsi alivyofundishwa.

Alikuwa na binti mmoja tu, Mwamvua, aliyeolewa na Mbelwa huko juu, nyumba ya mwisho kabisa. Siku moja Mwamvua alishuka kwa mama yake, khanga ameivuta mpaka kidevuni.

"Mama, mimi kule sirudi."

"Amekufanya nini?"

Mwamvua akaishusha khanga. Mwanjaa aliiona shingo ya mwanawe, akageuza macho. Moyo ulimuuma, nisimsingizie, alikuwa mzazi. Lakini kinywa kilitoa kile kilichojazwa.

"Na wewe ulimfanya nini?" aliuliza. "Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu. Baba yako je? Leo si ametulia kama maji ya mtungini? Vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

"Hizo mbivu nitazila nikiwa hai, mama?"

"Usinitie aibu. Jua halijazama bado, panda urudi kwako."

Akapanda. Mwanjaa alimtazama mpaka akapotea kwenye migomba, na tangu hapo hakukaa akatulia. Akianza kufagia, anaacha kati. Akibandika chungu, anasahau chumvi. Mara tatu alitoka kwenda juu kumtazama binti yake, na mara tatu alirudi kabla ya kufika nusu ya njia, akiogopa watu watasema anamfuata mwanawe ndoani. Ngoda alipomuuliza ana nini, alisema ni joto.

Mwezi ukapita. Alasiri moja alikuwa barazani anachambua kunde, upepo ukaleta mlio wa vinu kutoka juu. Kilio hakukisikia, palikuwa mbali mno. Alisikia kinu kimoja, kisha viwili, kisha vikawa vinashuka nyumba kwa nyumba kumfuata. Akainuka kwa mazoea, akashika mchi, akatwanga. Wasiwasi wote wa mwezi mzima aliumalizia mle kinuni, na kwa muda kidogo akajiona nafuu.

Mara akainua macho. Ng'ambo ya uzio Chiku naye alikuwa anatwanga.

Mchi ukawa mzito mkononi. Siku zote vinu vikilia, Mwanjaa alijua ni Chiku analia, na kama si Chiku basi hakujishughulisha kuuliza ni nani. Leo Chiku yuko uani kwake, jasho linamtiririka.

"Chiku! Analia nani?"

"Sijui, Mama Mwamvua. Nimesikia kinu chako, nikadaka."

"Na mimi nimesikia cha jirani wa juu."

Mwanjaa akaacha kutwanga. Mama mkwe wake, kikongwe aliyekuwa amejilaza ukumbini, akapaza sauti kutoka ndani.

"Mbona kinu kimenyamaza? Msitiri mwenzio!"

"Mwenzangu yupi, mama?"

Mwanjaa akatoka njiani, akaanza kupanda. Chiku akamfuata, mchi wake ungali mkononi, kwa sababu hajawahi kumwona Mama Mwamvua akiacha kinu kikiwa kinahitajika.

Nyumba ya kwanza aliuliza, "Analia nani?" Mwenye nyumba akamwonyesha kwa kidevu: muulize wa juu. Mikono yake haikuacha kutwanga. Nyumba ya pili jibu lilikuwa hilo hilo. Mwanjaa akaongeza mwendo. Na sasa nitawaambia alichokuwa anakiomba moyoni, kwa kuwa yeye mwenyewe alikisema baadaye bila kujificha: alikuwa anaomba akute ua mmoja ambao hauna mtu kinuni. Akiukuta, atajua ni fulani ndiye anayepigwa, naye atarudi zake akachambue kunde. Alipita ua wa tatu, mwanamke yupo. Wa nne yupo. Wa tano alikuwa mjamzito wa miezi minane, naye yupo, anatwanga ameketi. Kila aliyemwona mzima alimtia hofu zaidi. Kufika nyumba ya nane alikuwa anakimbia, khanga imemwanguka, na Chiku ameiokota anamfuata nyuma.

Zikabaki nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Kilango, jirani wa Mwamvua, ukuta kwa ukuta. Huyo alikuwa anatwanga kwa nguvu kuliko wote, macho ameyafumba.

"Mama Kilango, unamsikia nani?"

"Mimi? Sijasikia kitu. Natwanga zangu."

Mwanjaa akatia mkono kinuni. Mchi nusura umsage vidole. Mama Kilango aliuzuia dakika ya mwisho, akapiga ukelele. Mwanjaa alipapasa tako la kinu. Lilikuwa kavu, halina punje wala pumba.

"Unatwanga nini?"

Mama Kilango akauegemeza mchi ukutani. Na kwa kuwa kinu hicho kilikuwa kimenyamaza, Mwanjaa alikisikia kilio nyuma ya ukuta. Kilikuwa kimechoka, kama cha mtu aliyeacha kumwita yeyote.

Mnajua mama mkwe haingii chumbani kwa mkwewe. Ni mwiko, na Mwanjaa alikuwa mtu wa miko. Hata kumtazama Mbelwa usoni hakuwahi. Mbelwa alisimama mlangoni, anahema.

"Mama, huku si kwa kuingia."

"Nipishe, baba."

"Ni mambo ya mke na mume haya."

Mwanjaa hakujibizana naye. Alimsukuma kwa bega akapita, na Mbelwa alipotaka kumshika, akamwona Chiku ameinua mchi. Akatoka nje, akakaa kwenye gogo kama mtu aliyeonewa.

Mwamvua alikuwa sakafuni, mkono umevunjika chini ya kiwiko. Mama yake akapiga magoti, akamshika kichwa, akawa anarudia jina lake. Mwamvua akafungua macho.

"Nilikisikia kinu chetu, mama," alisema. "Nakijua mlio wake. Kilipoingia na chenyewe, nikajua hakuna anayekuja."

Mwanjaa alilia mpaka Chiku akamwondoa, ili mkono upate kufungwa vijiti.

Siku ya tatu Zumbe, mkuu wa eneo lile, akaketisha baraza. Sheria ya wakati ule ilitaka shahidi aliyeona au kusikia tangu mwanzo; aliyefika kipigo kimekwisha, kama Mwanjaa na Chiku, hakuhesabiwa. Asipopatikana, mke anarudishwa kwa mumewe. Mbelwa alilijua hilo vizuri. Alisimama, amevaa kanzu safi, akasema mkewe aliteleza akaanguka.

"Na kama nilimpiga hata akavunjika," akaongeza, "mbona kijiji kizima hakikusikia?"

Zumbe akawauliza wanaume. Wakasema walisikia vinu tu. Akawauliza wanawake. Wakasema walikuwa wanatwanga. Mama Kilango aliinamisha kichwa. Mwanjaa naye alikuwa amekaa mikono mapajani, miguu haimtulii. Asubuhi ile Ngoda alimwonya: ukisema, unatuvua nguo sote, mimi wa kwanza. Alimtazama mumewe, akamtazama binti yake aliyefungwa mkono kwa khanga. Zumbe alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kutoa hukumu.

"Mimi nilisikia," Mwanjaa akasema, akasimama.

Zumbe akashangaa. "Nyumba yako iko chemchemini. Kilio cha nyumba ya mwisho kingekufikiaje?"

"Hakikunifikia kule kwangu, Zumbe. Vilinifikia vinu. Nami nimeishi hapa miaka thelathini, najua vinu vya Kwemlenga vinalia kwa nini. Kila mwanamke hapa anajua, na wanaume wanajua pia. Nilikimbilia kinu changu hakina hata punje moja. Hakuna mtu anayetwanga kinu kitupu bila kusikia kilio. Waulize hawa vinu vyao vilikuwa na nini."

Zumbe akamgeukia Mama Kilango, akamuuliza kinu chake kilikuwa na nini.

"Hakikuwa na kitu," alisema, na machozi yakamshinda. "Nilimsikia tangu pigo la kwanza. Alikuwa ananiita kwa jina."

Manung'uniko yakaanza upande wa wanaume, na Ngoda akatoka barazani bila kuaga. Mwanjaa alidhani amemaliza, akataka kuketi. Hapo Chiku akainuka.

"Na mimi je, Mama Mwamvua?" aliuliza. Sauti yake haikuwa kubwa. "Miaka sita tumetenganishwa na uzio wa matete. Mimi ulinisikia?"

"Chiku, kaa chini," Mntambo akamkemea.

Chiku hakukaa. Alikuwa anamtazama Mwanjaa peke yake. Na hilo, wajukuu zangu, lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza, maana kumtetea mwanao hata kuku anaweza. Mwanjaa angeweza kusema ukuta ulikuwa mnene, au upepo, au uzee. Watu wangemwamini, tena wangemshukuru.

"Nilikusikia," alisema. "Kila mara, Chiku. Kila mara nilikusikia."

Mwamvua hakurudishwa kwa Mbelwa, na mkono wake haukunyooka tena. Chiku aliondoka siku ile ile kwenda kwa kaka zake. Hakumshukuru Mwanjaa wala hakumpa mkono wa kwaheri, na kama alikuja kumsamehe sijasikia. Desturi nayo haikufa kwa siku moja. Wapo walioendelea kutwanga, na wapo waliomwita Mwanjaa mvunja nyumba mpaka siku aliyozikwa. Lakini tangu baraza lile, hakuna mtu wa Kwemlenga aliyeweza tena kusimama mbele ya watu akasema hakusikia. Wangemkatiza kabla hajamaliza, kwa maneno haya mliyoniuliza: atwangaye kinu kitupu amesikia kilio.