Kiwanja cha Makumbi

Watalii walipoanza kumiminika Kizingo, Nassib alishikwa na uchu wa viwanja. Alikuwa tajiri wa mjini, bahari akiijua kwa samaki wa kukaanga tu. Majirani wote alikwishawang'oa kwa bei ya kutupa, akabaki Bi Mize, msuka kamba, mwenye nyumba juu ya jabali. Alimkuta chini, mchangani, akifukia makumbi ya nazi.

“Bibi, nataka nyumba yako nijenge hoteli. Ukikataa, nitakuzungushia ukuta ukose pa kutokea.”

“Ichukue, mwanangu,” alisema Bi Mize kwa unyonge. “Ila huku chini usiniombe. Bahari iko mlangoni, na wageni hawapendi kupanda jabali.”

Nassib alicheka moyoni. Ajuza huyu hata kuficha kizuri chake hakujua.

“Basi nataka huku chini.”

“Huku nimerithi kwa mama.”

“Huku, au ukuta.”

Bi Mize alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akataja bei nono. Nassib alilipa haraka, asije akaghairi.

Bamvua kubwa la mwaka, maji yanapojaa kupita kiasi, lilipofika, bahari iliyokuwa mbali siku zote zile ilipanda, ikabeba saruji, mbao na kuta za hoteli. Nassib alikwea jabali akihema, akamkuta Bi Mize akiwamiminia watalii kahawa kwenye baraza ya vyumba vipya.

“Mbona hukuniambia kuwa maji hufika pale?”

“Ulinikuta nafukia makumbi, baba. Makumbi hulowekwa na bahari mpaka yalainike, ndipo yasukwe kamba. Wewe ulidhani nayafanyia maziko?”