Jagi la Maji la Fundi Cherehani

Wapendwa, nisikilizeni vizuri, maana leo sina maneno laini.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, mkazi wa mjini kama sisi. Mguu wake wa kulia ndio uliokanyaga cherehani, na cherehani ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake mzazi. Siku moja akapimwa zahanati, akaambiwa ana kisukari. Nesi akamweleza taratibu: soda aache, keki na maandazi aache, atembee kila siku, na miguu ailinde isipate kidonda. Mama wa watu akashika. Akaacha bodaboda, akawa anakwenda kibandani kwake kwa miguu. Mnajua majirani walisemaje? Kwamba amefulia, hana hata nauli.

Ikafika zamu yake ya kuikaribisha jumuiya ya kanisa isali nyumbani kwake. Akaandaa karanga, matango na jagi kubwa la maji. Watu wakasali, wakafumbua macho, wakaitazama meza, wakatazamana. Mwenyekiti wa akina mama akacheka, akasema, "Dada yetu, Kwaresima ilishapita. Hata soda jamani?"

Kuonekana mchoyo kulimuuma kuliko sindano. Zamu iliyofuata akaweka kreti mbili za soda na sinia la keki, naye akanywa ya kwake mbele yao ili wasiseme. Akanywa kwenye kipaimara cha huyu, akanywa kwenye harusi ya yule. Na bodaboda akairudia. Nani alimshika mkono akamnywesha? Hakuna. Ni macho ya watu tu, na macho ya watu mnayajua.

Kidole cha mguu kikapata kidonda, kidonda kikagoma kupona. Mguu ukakatwa, ule ule wa kulia.

Jumuiya ikaenda hospitali kumpa pole. Wakaimba, wakaomba kwa machozi Mungu amponye. Baada ya amina, mwenyekiti akafunua kikapu: biskuti, juisi za boksi, soda sita za baridi. Akafungua moja, akamwekea mkononi, akamwambia anywe apate nguvu.

Yule mama akaitazama chupa, akaitazama shuka pale ilipolala bapa. Akasema kwa sauti ndogo, "Niliwawekea maji nikiwa na miguu miwili, mkanicheka. Huu uliobaki nao mnautaka?"

Wapendwa, nina hasira, wala sifichi. Sisi tunaomba uponyaji huku kifungulio cha soda kiko mkononi! Anayetembea tunamcheka, anayekataa sukari tunamwita mchoyo, na tukishamzika tunasema ni mapenzi ya Mungu. Tusimsingizie Mungu.

Hapo nyuma ya kanisa kuna kreti nane za soda, za chakula chetu cha leo. Maji sijaona hata ndoo moja. Msitazamane kutafuta mwenye kosa. Aliyeziagiza ni mimi, kwa kuogopa midomo yenu. Zinarudi dukani kabla ya baraka, na atakayenicheka na anicheke.