Kamba ya Zeze la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakaa kijiji kimoja na kuajiri mlinzi, palikuwa na kijiji kilichoitwa Jabalini. Mlinzi wake alikuwa Chui. Kamanda Chui! Kifua mbele, rungu begani, madoa yamepakwa mafuta mpaka yanameremeta. Akipita, watoto husimama wima kama mishumaa.

Sasa tegeni masikio, wanangu. Watoto wa Jabalini wakaanza kupotea. Leo wa Swala, kesho wa Kanga. Na kila mmoja akipotea, Kamanda Chui husimama uwanjani akanguruma: "Ni Fisi huyo! Msikieni anavyocheka!"

Fisi alicheka kwa sababu ndiyo sauti aliyozaliwa nayo. Lakini nani alimuuliza? Hakuna!

Siku moja Chiku, binti yake Bi Pimbi, alirudi nyumbani mbio, kamba inaning'inia shingoni.

"Mama! Kuna kitu kimenidaka kichakani! Fyatu! Nikaitafuna kamba, nikaitafuna, ikakatika!"

Bi Pimbi, ambaye kimo chake hakifiki hata goti la mbuzi, alimvua kitanzi kile shingoni. Akakificha pamoja na kamba yake chini ya jiwe, akaenda kwa mlinzi.

"Kamanda, mwanangu amenusurika mtegoni."

"Pole, mama. Ni Fisi huyo, nani mwingine? Kamba iko wapi?"

Kamba? Bi Pimbi akashtuka. Mitego ni mingi, wanangu: kuna wa shimo, kuna wa jiwe, kuna wa ulimbo. Yeye hakutaja kamba hata kwa bahati mbaya!

"Imeanguka mtoni, Kamanda," akajibu polepole.

"Afadhali," akasema Chui.

Afadhali! Mlinzi anaambiwa ushahidi umezama, anasema afadhali!

Njia nzima Bi Pimbi alijiuliza: nikipiga kelele, nani ataamini neno la pimbi mbele ya neno la Chui? Basi nisiseme mimi. Aseme mwenyewe.

Asubuhi yake akachimba shimo katikati ya uwanja. Akalifunika kwa gome kavu la mti, likakaza kama ngozi ya ngoma. Kando akachomeka ufito mbichi, akaupinda, na kwenye ncha yake akafunga ile kamba. Kitanzi hakukifungua. Alikilaza juu ya gome, akakibana kwa kijiti. Kamba ikasimama, ting!

Mama Swala alipita, akadondosha kuni zote.

"Salaale! Bi Pimbi, huo si mtego?"

"Ni zeze, shoga. Huu unanasa masikio tu."

Akaigonga kamba kwa kijiti kingine. Ndu! Ndu-ndu! Akausukuma ufito kidogo, sauti ikapanda, akauachia, ikashuka. Ndu-ndu-nduuu! Kanga wakatoka vibandani. Nguruwe akatoka na sufuria mkononi. Hata Kamanda Chui akaja, mguu wake mmoja ukicheza bila ruhusa yake.

Vumbi lilipotimka vya kutosha, Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe.

"Jamani! Shimo ni shimo tu, na ufito ni ufito. Utamu wote uko kwenye kamba, na kamba hii nimeiokota. Tazameni ilivyosokotwa! Aliyeisokota ni fundi wa mafundi. Ajitokeze! Jina lake nitaliimba kila harusi, na kila karamu ataanza yeye kula."

"Karamu?" Fisi akaruka. "Mimi! Ni mimi! Niimbeni!"

Bi Pimbi nusura aanguke jiweni. Huyu mjinga anajitia kitanzi mwenyewe!

"Haya, haya," akasema haraka, akimtupia nyuzi za katani. "Sokota tuone."

Fisi akasokota. Zikamfumukia. Akasokota tena, zikamnasa vidole. Mwisho akazitia mdomoni. Watu wakavunjika mbavu.

Chui hakuweza kuvumilia. "Ondoka hapo! Wewe na kamba wapi na wapi? Kamba ile ni yangu!"

"Yako, Kamanda?" Bi Pimbi akafungua macho makubwa. "Kweli?"

"Hebu tazama!"

Akazitandaza nyuzi tatu pajani, akazisokota kwa mkono wa kushoto, sru, sru, sru, akamalizia kwa fundo dogo kama punje ya mtama. Wakaiweka kando ya ile ya zeze. Pacha!

"Labda na mwingine anajua kusokota hivi," Bi Pimbi akasema.

"Nani? Hakuna!"

"Sema kwa sauti, Kamanda. Mama Swala yuko nyuma, hajasikia."

"NI MIMI! Jabalini nzima, ni mimi peke yangu!"

Bi Pimbi akaweka kijiti chini.

"Chiku, mwanangu, njoo. Waonyeshe shingo."

Chiku akainua kidevu. Alama nyekundu ilikuwa imemzunguka shingo yote, na nyuzi tatu zimejichora humo, moja, mbili, tatu.

"Niliiokota hapo," akasema Bi Pimbi.

Sufuria ya Nguruwe ilianguka, ikabiringika, ikatulia. Kisha Mama Swala akapasua njia katikati ya watu.

"Kamanda. Mwanangu alipopotea nilikuja kwako. Ukanifuta machozi." Akaunyooshea kidole mkono wa kushoto wa Chui. "Kwa mkono huo huo?"

Chui aliirukia ile kamba aipokonye, akakanyaga katikati ya gome, kijiti kikachomoka.

Fyatu!

Ufito ukanyooka, kitanzi kikaubana mkono wake, mkono ule ule wa kushoto, na zeze likalia kwa mara ya mwisho: nduuuuu!

Fisi akatazama huku, akatazama kule. "Samahani... sasa naruhusiwa kucheka?"

"Cheka, ndugu yangu," akasema Mama Swala, akifuta machozi mwenyewe. "Tusamehe, na ucheke."

Wakamnyang'anya Chui rungu, wakamfukuza, ufito uliong'oka ukiburuzika nyuma yake. Mpaka leo anatembea peke yake, wala hakuna anayempa mtoto amlindie.

Mpenda sifa, wanangu, hunaswa na kamba aliyoisokota mwenyewe.