Kwa Nini Msimamizi wa Gati Hupiga Magoti

Nyinyi mnaocheka mkimwona msimamizi wa gati akipiga magoti mbele ya mashua ya watu, hebu tulieni kidogo. Zamani, mji huu wa mifereji ulipokuwa bado mchanga, msimamizi hakumpigia magoti mtu yeyote. Alisimama juu ya ukuta wa gati, akasema neno moja tu, "Tayari," na mashua ya mizigo ikaondoka. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Msimamizi wa siku hizo aliitwa Mbwarali. Kazi aliijua, lakini sifa alizipenda kupita kiasi. Ng'ambo ya mfereji palikuwa na gati jingine, na kila maji yalipojaa walishindana nani atatoa mashua kwanza. Mbwarali hakuwa ameshindwa hata mara moja, na hilo alilisema hata pasipo kuulizwa.

Siku moja wachukuzi wake walikuwa wakipakia chumvi. Hatibu, mume wa dada yake Mwanaidi, alikuwa ngamani, yaani huko tumboni mwa mashua, akipanga magunia. Mara ng'ambo wakaanza kufungua kamba. Mbwarali akaona anazidiwa kete. Akaamuru ngama ifunikwe kwa mbao na magunia ya mwisho yarundikwe juu yake. Ndipo aliposikia kitu kinagonga kule chini, ngo, ngo, ngo. Alisikia vizuri kabisa. Akajiambia ni gunia limeteleza, akasema, "Tayari."

Mashua yake ikatoka ya kwanza, na watu wakampigia makofi.

Adhuhuri Mwanaidi akaja na chakula cha mumewe. "Kaka, Hatibu yuko wapi?"

Mbwarali akawapitia wachukuzi wake kwa macho, mmoja mmoja. Hatibu hayumo.

"Amekwenda na mashua," akasema. "Atarudi."

Maskini Mwanaidi akamwamini, tena akamtengea yeye kile chakula kisije kikapoa bure. Mbwarali akamega tonge, akalirudisha sahanini. Aliona haya mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Akaacha sahani pale pale, akatoka mbio kando ya mfereji.

Mashua aliikuta alasiri kwenye gati la mwisho. Walipoondoa magunia na mbao, Hatibu alikuwa hai, vidole vimechubuka, sauti imemkauka kwa kuita.

"Shemeji," akanong'ona, "nilijua hunisikii. Ungenisikia ungenifungulia."

Hapo Mbwarali angeweza kunyamaza, na siri angeijua yeye peke yake. Lakini alivua kofia, akapiga magoti ukingoni mwa ngama, akainamisha kichwa.

"Nilisikia," akasema.

Baadaye Hatibu alimsamehe, na nyumbani kwa kila mmoja waliendelea kula pamoja, lakini ngamani hakushuka tena.

Na tangu siku hiyo, mashua haiondoki mjini humu mpaka msimamizi avue kofia, apige magoti, aingize kichwa ngamani na kuuliza, "Nimemwacha nani?" Kisha husikiliza. Hata wachukuzi wote wakiwa wamesimama mbele yake anawaona, lazima aulize. Na siku nyingine mtazameni vizuri akiinuka: yeye hamwangalii mtu usoni, kwa haya ya Mbwarali.