Sakafu ya Baba Mkwe

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako mkuukuu, umechakaa lakini unaujua mgongo wako. Msala upitao ni mpya, unavutia, ila umebebwa na mwenyewe anayekwenda zake. Aikaeli wa Mwika aliijua methali hii tangu darasa la tano. Lakini wivu haujui kusoma.

Mume wake, Hosea, ndiye kitinda mimba, na kwa Wachagga kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi. Kwa hiyo kila Krismasi ukoo mzima ulipanda kutoka mijini na kujazana sebuleni kwa Aikaeli, juu ya sakafu ya mbao aliyoigongomea baba mkwe kwa mikono yake. Mbao zenyewe zilipakwa rangi nyekundu juu ya nyekundu hata hukujua ni mti gani, na ukizikanyaga zinalia. Lakini siku hiyo Aikaeli alikuwa malkia. Yeye ndiye aliyemwonyesha kila mtu pa kukaa, na mama mkwe, Bibi Ndelilio, alikaa ubavuni kwake.

Mwaka huo, shemeji yake Sifael na mkewe Elisifa walijenga upande wa juu wa kihamba, shamba la ukoo. Asubuhi moja Aikaeli alifungua simu akakuta Elisifa ameposti picha: bati la kijani, madirisha ya vioo, na chini maneno, "Krismasi karibuni kwetu." Moyo ulimwasha kama pilipili jichoni.

"Anataka kuninyang'anya ukoo," alimwambia Hosea. "Na atatandaza marumaru, namjua. Tunamtangulia."

"Sakafu ya baba tunaipeleka wapi, mama Kornel?"

"Baba yuko kwa Bwana. Kule hakanyagi mbao."

Mafundi waliing'oa sakafu. Elisifa alipopita akakuta mbao zimerundikwa uani.

"Mdogo wangu, hizi mnazifanyia nini?"

"Kuni, dada. Zitaivisha ndizi za kiburu."

"Basi nipe mimi. Kwangu chini bado ni vumbi tupu."

Aikaeli alicheka mpaka akashika mbavu. "Chukua, dada yangu. Na misumari je?"

"Na misumari, kama huitaki," alijibu Elisifa, akainama kuanza kubeba.

Tangu siku hiyo mlio wa msasa ulishuka katikati ya migomba, kwaruu, kwaruu, na Aikaeli akawa na safari nyingi za kukata majani ya ng'ombe karibu na dirisha la Elisifa. Alichungulia. Rangi nyekundu ilikuwa imekwanguliwa, na chini yake mti ulikuwa wa rangi ya asali. Mbao zilizoliwa pembeni Elisifa alizipaka kijani cha jani la mgomba, akazipanga ukutani kama pindo la khanga. Alipopaka vanishi, sakafu iliita mwanga wote wa mlimani. Aikaeli alirudi nyumbani akayapiga deki marumaru yake mapya kama anayeyaadhibu.

Siku ya pili alipanda tena. "Dada, zile mbao nilikuazima tu."

"Ulinipa na misumari," alisema Elisifa, wala hakuinua macho.

Krismasi ikafika na mvua yake. Watu walitoka ibadani miguu imejaa tope, na Aikaeli akawapokea mlangoni na dekio. "Viatu nje, jamani." Walisimama na soksi juu ya marumaru meupe, wakiinua mguu huu na ule kama kuku kwenye baridi. Bibi Ndelilio aliweka unyayo mmoja, akautoa.

"Hosea, mwanangu, umenileta mochwari?"

Akavaa viatu, akashika fimbo yake, akatoka. Aikaeli alimfuata mbio na kiti mkononi. "Mama, kaa basi. Mama, nimekuwekea mto." Bibi alikuwa ameshafika kwa Elisifa. Alikanyaga, ubao ukalia. Akakanyaga tena, ukalia tena. Kisha akainama karibu na dirisha, akagusa alama nyeusi ya pasi ya mkaa.

"Hii niliiangusha mimi, siku Hosea alipobatizwa. Baba yenu alininunia wiki nzima."

"Fundi alitaka kuifuta, mama," alisema Elisifa. "Nikamkataza."

Bibi alivua viatu bila kuambiwa, akaketi chini, akanyoosha miguu. "Pombe ya mbege iletwe hapa."

Ukoo ukahama. Sufuria ya mtori ikapanda, mbuzi akapanda, watoto wakapanda. Wa mwisho alikuwa Hosea, na sahani yake.

Aikaeli alibaki kizingitini na kiti chake, mvua ikimdondokea kisogoni.

"Ingia, mdogo wangu," Elisifa alimwambia. "Viatu usivue."

Aliingia. Ubao ulilia chini yake kwa sauti ileile aliyoizoea tangu siku aliyoolewa. Elisifa alimwonyesha pa kukaa, pale karibu na mlango, naye akakaa, mgeni juu ya mbao alizokuwa nazo. Marumaru aliyoyahofia kwa Elisifa hayakuwahi kuwapo. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.