Kwa Nini Mboga Hubandikwa Mwisho na Haifunikwi

Zamani, wakati bibi za bibi zenu hawajaota hata meno, hakuna mtu aliyependa mboga za majani. Zililiwa kwa kuwa zimepikwa, basi. Mnacheka? Chekeni, lakini mngekuwepo mngelia.

Katika kijiji cha Irindi, ubavuni mwa milima ya Upare, mboga ilibandikwa jogoo wa kwanza. Mwanamke ambaye moshi wake haukuonekana kabla ya jua alisemwa mpaka mtoni. Kwa hiyo mchicha ulikatwa jana yake, alfajiri ukatiwa chunguni na maji tele, ukafunikwa, halafu kifuniko kikazungushiwa udongo mbichi pasipenye hata pumzi. Waliamini kwamba utamu wa mboga unakaa kwenye mvuke, na mvuke ukitoka, utamu nao umekwenda zake. Kuchungulia chunguni kabla jua halijafika utosini kulikuwa sawa na kumwaga chakula cha watu.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Majani yameingia motoni alfajiri, yanatoka adhuhuri! Yalitoka yamelegea, yana rangi ya tope la mferejini, na hata chumvi ilikata tamaa humo ndani. Watoto waliumwa matumbo kabla hawajala. Wanaume, wakisikia leo ni mboga, walikumbuka safari. Na wapishi walikula kimyakimya, maana nani ataanza kukisema chakula chake mwenyewe?

Miongoni mwao alikuwepo Nakijwa, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye maneno. Alikuwa na bustani ya matuta kumi na mawili aliyoachiwa na mama yake, chini kidogo ya ndiva. Ndiva, kwa wasiojua, ni bwawa lililochimbwa kwa mikono, ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Nakijwa alipanda mchicha, mnavu, majani ya kunde na ya maboga, na aliyapenda kuliko alivyopenda majirani zake. Akipalilia alichuma jani changa akalitafuna bichi, na lilikuwa na utamu wake. Lakini jani hilohilo likipita chunguni lilitoka halina maana. Miaka yote alidhani kosa ni la mikono yake, na jambo hilo lilimuuma, ila hakumwambia mtu.

Mwaka mmoja mvua ilichelewa, ndiva ikashuka hadi nusu. Msimamizi wa ndiva wakati huo alikuwa Mzee Senkoro, mtu wa haki lakini mgumu, ambaye akisema neno amelisema. Akaita kikao, akatangaza kwamba maji hayatoshi, na zamu itakayofutwa ni ya bustani za majani. Migomba na mtama ndivyo vitakavyopewa. Wengine walinyamaza, kwa sababu walikuwa na migomba pia. Nakijwa hakuwa na mgomba hata mmoja. Bila zamu ile, matuta ya mama yake yangekauka ndani ya wiki moja, naye asingekuwa na la kula wala la kuuza gulioni.

Akasimama. "Baba, utaua bustani yangu mchana kweupe?"

"Naua kitu gani, mama?" Senkoro akajibu. "Hapa Irindi nimeketi kwenye kila karamu na kila msiba. Nimesikia watu wakiomba kuongezewa nyama, maharage, hata uji. Sijamsikia mtu akiomba kuongezewa majani. Nitajie mmoja."

Nakijwa akageuka huku na huku kikaoni, akitafuta wa kumtaja. Watu wakaangua kicheko. Senkoro alipoona vile akalegea kidogo. Akasema keshokutwa ni msaragambo wa kuzibua ndiva, kijiji kizima kitafanya kazi na kula pamoja. Nakijwa apike mboga. Mtu mmoja tu, mkubwa au mdogo, akitamka "niongezee," zamu yake itabaki. Asipopatikana, wasisumbuane tena.

Siku ya msaragambo Nakijwa aliamka hata kabla ya jogoo. Akajaza chungu chake kikubwa, akakifunika, akakiziba kwa udongo mara mbili ya kawaida, kwa kuwa alitaka utamu wote ubaki ndani siku ile. Kisha ikambidi aende ndivani, maana kila nyumba ilitakiwa itoe mikono miwili, na nyumbani kwake mikono ilikuwa miwili tu. Akamwomba jirani yake Nambike, aliyebaki kusonga ugali wa watu wote, amtunzie moto. Nambike alikuwa mwanamke mcheshi, na alikuwa na moyo. Akautunza kweli, kila mara akasukuma kuni.

Sijui ni moto, sijui ni uzee, chungu kikapata ufa ubavuni. Maji yakavuja polepole, yakaisha. Hakuna aliyejua, kwa sababu kimezibwa, na kukifungua ni mwiko. Nambike akaendelea kusukuma kuni na kuimba. Nakijwa aliisikia harufu ya kuungua akiwa bado njiani, ametangulia wenzake. Akakimbia. Alipogusa kifuniko, nusu nzima ya juu ya chungu ilitoka na kumbakia mkononi, na chini yake kulikuwa na kitu cheusi ambacho sitaki hata kukieleza.

"Yuuu! Nakijwa wangu, nimekuua!" Nambike akashika kichwa.

Nakijwa alikaa chini, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kwa ajili ya matuta yale na kwa ajili ya mama yake. Kutoka mlimani sauti za watu zilianza kusikika, wanashuka na majembe, wanaimba, wana njaa. Nambike alikuwa ndiyo kwanza anatia unga wa mwisho kwenye maji yanayochemka, vyungu vyote vingine vina ugali.

Basi Nakijwa akajifuta kamasi kwa upindo wa khanga, akainuka, akachukua kisu na kapu. Alikata chochote alichokikuta mbele yake mpaka kapu likafurika, akaosha mferejini, akakatakata majani juu ya goti. Kitako cha chungu kilikuwa kizima, kipana na kifupi kama bakuli. Akakikwangua kwa mchanga, akakirudisha kwenye mafiga. Muda wa kuchemsha maji hakuwa nao. Akatia donge la samli, kitunguu kimoja, na nyanya mbili zilizojipasukia zenyewe shambani. Vilipolainika akamimina majani, yakalia shaaa, naye akageuza kwa mwiko, akageuza.

"Funika, dada! Utamu unaondoka!" Nambike akapiga kelele.

Afunike na nini? Kile kifuniko kilikuwa cha mdomo mwembamba wa chungu kizima. Kwenye kitako kile kingezama. Mvuke ukapanda, Nakijwa akautazama unavyokwenda zake, akajua amekwisha. Kwa kukata tamaa tu akanyunyiza chumvi na kuonja jani moja.

Akaacha kugeuza. Lilikuwa ni jani lake. Lile alilolitafuna bustanini, lenyewe, ila sasa lina joto, lina samli, lina chumvi. Alifurahi, halafu hapohapo akakasirika, kwa sababu alikumbuka miaka yote aliyoilaumu mikono yake.

"Hayajaiva hayo," Nambike akasema. "Utatulisha kama mbuzi."

"Yameiva," akasema Nakijwa. "Leo yanatoka yakiwa bado na akili zao." Akaipua.

Akatia mengine, akaipua tena. Mara nne alifanya hivyo, na kila awamu ilimalizika kabla Nambike hajapumua. Lakini mnajua tabia ya majani, kapu zima likiingia motoni linanywea na kuwa konzi mbili. Alipogawa kwenye vipande vya jani la mgomba, kila mtu alipata kidogo tu pembeni mwa ugali, na chombo kikabaki kikavu. Hilo hakulifikiria mapema, na sasa lilikuwa limepita.

Watu walipoketi, minong'ono ikaanza. Mboga ya kijani! Hawajawahi kuona. Mmoja akauliza kama imepikwa au imeoshwa. Mwingine akasema heri afe ameshiba, akamega, akachovya, akala. Akamega tena. Wenzake wakamtazama, wakafuata.

Punde mboga iliisha kwa kila mtu, na kila mtu akabaki na ugali mkononi. Lakini nani aseme? Walikuwa wanakijua kinywa cha Mzee Senkoro. Ukimwaibisha leo, kesho zamu yako ya maji itaangukia saa ambayo hata bundi amelala. Wakatazama chini. Nakijwa alisimama karibu na mafiga, mikono ameikunja. Alikuwa ameshinda na hakuna wa kumwambia.

Senkoro mwenyewe alikula taratibu, kwa heshima zake. Mboga yake nayo ikaisha. Mbele yake kulibaki ugali nusu mlima, mweupe, mtupu. Akamega tonge, akalisugua mahali mboga ilipokuwa, akala. Akamega jingine, akasugua tena, na safari hii hapakuwa na cha kusugua. Akakohoa.

"Mama Nakijwa."

"Abee, baba."

"Ugali wangu umebaki."

"Nauona, baba."

"Umebaki peke yake."

"Nauona."

Watu wote walikuwa wamegeuka. Mzee akatazama majembe, akatazama ndiva, akatazama lile tonge kwenye vidole vyake. Jasho likamtoka, na si la jua. Mwishowe akaliweka tonge chini na kusema, kwa sauti ndogo lakini kila mtu akaisikia, "Niongezee."

Vigelegele vilitoka kwa Nambike kwanza. Halafu sauti zikafumuka kila upande, na mimi, na mimi, niongezee na mimi, hata watu wazima wakasukumana kama watoto. Nakijwa alicheka mpaka machozi yakarudi. Akainua kile kitako cha chungu, akakielekeza kwao waone kilivyo kitupu.

"Imekwisha, baba zangu. Iliyobaki iko shambani, ina kiu."

Mzee Senkoro aliliokota tonge lake. Aliinuka nalo, akapanda taratibu mpaka ndivani, akazibua mlango wa maji kwa mguu wake mwenyewe. Maji yakashuka mferejini, yakaingia kwenye tuta la kwanza la Nakijwa, la pili, la tatu. Naye alisimama palepale akiyasimamia mpaka tuta la kumi na mbili lilipolowa, kisha akashuka, akamwuliza Nambike kama kuna kitunguu kingine.

Na tangu siku hiyo mboga za majani hubandikwa mwisho, ugali ukiwa karibu kuiva, na chombo chake huachwa wazi. Wengine hutia karanga, wengine tui, wengine maziwa kwenye mnavu ili uchungu upungue, kila nyumba na ujuzi wake. Lakini hakuna anayeziba tena, wala kubandika alfajiri. Na tangu siku hiyo pia, nyumba yoyote mtakayoingia, mboga huisha kabla ya ugali, na mpishi haombi radhi. Basi wewe uliyeshika kifuniko hapo, kiweke chini, nipe mwiko. Na huo mchicha uoshe kabla ya kuukata, usiukate kwanza.