Fisi Aliyeogopa Kupona

Mwaka ambao jua lilikausha hata machozi ya mamba, nyika nzima ilibakiwa na chungu kimoja tu cha supu ya mifupa, nacho kilikuwa hospitalini. Sheria yake ilikuwa fupi: supu ni ya mgonjwa, aliyepona aende zake.

Fisi alilazwa na kidonda mguuni. Muuguzi Sungura akamkabidhi vidonge vya siku saba. "Meza kizima, asubuhi na jioni, mpaka umalize dozi. Ukikatiza, vijidudu wataizoea dawa."

"Nimesikia, sista," Fisi akajibu, macho yakiwa kwenye chungu.

Siku ya kwanza alimeza kama alivyoambiwa. Vijidudu wakatimua mbio wakikanyagana, na kidonda kikaanza kufunga. Fisi akaingiwa na hofu: akipona, supu basi! Tangu hapo akawa anamega kipande kidogo tu cha kidonge, kilichobaki anakificha ndani ya godoro. Kufikia siku ya tano vijidudu walikuwa wamenenepa, na dawa ikichelewa wananung'unika, "Mbona leo chai haijaja?"

Mganga Mkuu Simba alikikagua kidonda kila asubuhi bila kunawa. "Kucha za mfalme hazishiki uchafu!" alinguruma, kisha akajikuna mkia. Mkia ukaoza. Akameza dozi nzima. Vijidudu wakampigia vigelegele. Mkia ukakatwa.

Sungura alikasirika sana, na Sungura akikasirika hufikiri: lazima yupo mgonjwa anayekatiza dozi. Akatangaza wodini, "Mwenye kipande cha kidonge alete, nimpe mfupa wenye uboho!"

Fisi akaja akiburuta godoro zima.

"Kumbe ni wewe!" Sungura akasema. "Umewafuga vijidudu, ukawafundisha na vita!"

"Basi nivimeze vipande vyote sasa hivi!" Akavibugia, maana mguu ulikuwa umevimba kama mtungi. Vijidudu wakala, wakashiba, wakaomba tena.

"Dawa nyingine hatuna," Sungura akamwambia kwa huzuni. "Chagua, mguu au roho."

Fisi alilia kilio cha kweli, kwani aliupenda mguu ule. Ndio uliomfikisha kwenye kila mzoga. Alipozinduka baada ya kukatwa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Sista, mfupa wa mguu wangu mmeutia chunguni?"

"Tumeuchoma moto. Nawe umepona, nenda zako."

Mchimba kisima huingia mwenyewe.